Shikamoo ya Mtani

Siku hizi Tabora hii ukiingia popote unaitwa mteja. Zamani ulikuwa mama, dada, shangazi, au hata "wewe wa kanga ya kijani, sogea huku." Sasa ni mteja. Ofisi moja wameandika ukutani kwamba mteja ni mfalme, halafu mfalme mwenyewe anasimama juani tangu asubuhi kwa sababu mtandao uko chini. Ukipiga simu kuulizia umeme, anapokea mwanamke aliyerekodiwa, anakwambia simu yako ni muhimu sana kwao, endelea kusubiri. Unasubiri mpaka sikio linapata moto. Mimi nina mdomo, sifichi, na mtaa wetu wote wa Chemchem wanajua. Foleni isiposogea naanza kusema, na nikishaanza kusema hata mlinzi hutoka nje akajifanya anaangalia pikipiki zilivyopangwa.

Nilikuwa hivyo hata kabla ya mume wangu kuugua. Alipougua ndiyo nikazidi.

Alianguka bafuni asubuhi moja akijiandaa kwenda sokoni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakawa yanatoka mazito, ila ukitega sikio unamwelewa. Alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa karakana, hajazoea kulala kitandani mchana hata siku moja. Watu walikuja kumwombea mengi: arudi msikitini kwa miguu, acheze tena bao na wenzake, aende kwao Usoke kuwaona ndugu. Yeye aliomba kimoja. Choo chetu kiko uani, nyuma ya jiko. Kila alipobanwa ilibidi mimi na mpangaji wetu tumshike huku na huku tumkokote, na mpangaji akiwa hayupo nilimwekea beseni. Mpangaji mwenyewe ni kijana wa rika la mwanetu wa mwisho. Siku moja baada ya kumsafisha aligeukia ukutani akasema, "Mama watoto, mimi nataka niende chooni mwenyewe. Hilo tu. Mengine Mungu akipenda." Alilia. Nami nikalia, nikiwa nimeshika beseni lile, na nikaapa kwamba chooni atakwenda kwa miguu yake, wapende wasipende.

Nikaanza na kile kifaa cha kutembelea, cha chuma, chenye miguu minne. Nilikinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi, ukoo wao uko Tabora hii tangu enzi za babu zake, anauza vifaa vya hospitali upande mmoja na spea za baiskeli upande wa pili. Kufika nyumbani, kinayumba. Mguu mmoja mfupi. Nikarudi nacho.

"Mama yangu, mali ikishatoka dukani hairudi," akaniambia, tena kwa Kiswahili safi kuliko changu.

"Haijatoka. Si hii hapa mbele yako?"

Nikavuta kiti, nikavua viatu, nikakaa. Wateja wakaingia, wakatoka, mimi nipo. Nilimsimulia kila aliyeingia. Mwisho mzee wa watu akachoka, akamwita fundi wa jirani, fundi akaja na msumeno wa chuma akakata ile miguu mitatu mirefu ilingane na ule mfupi. "Haya, imelingana," akasema mwenye duka, na kweli ililingana. Ila mume wangu ni mtu mrefu, sasa akikishika anainama kama anatafuta sindano iliyodondoka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Tangu aanguke alikuwa hajacheka hata kidogo, na jambo hilo lilinitisha kuliko ule mkono uliolala.

Ndipo binti yetu wa kwanza, anayeishi Dar es Salaam, akatafuta kliniki binafsi pale mjini yenye chumba cha mazoezi, akasema gharama ataibeba yeye. Ni mtoto mwema, hilo liwekwe wazi kabla sijaendelea. Kazi yake ni huduma kwa wateja katika kampuni moja kubwa, anakaa na vipokea sauti masikioni kutwa nzima akitukanwa na watu wasiomjua, na yeye anajibu asante kwa kutupigia.

Chumba chenyewe kilikuwa na vyuma viwili vya kushikilia pande zote mbili, baiskeli isiyokwenda mahali, mpira mkubwa na kioo. Mwalimu wa mazoezi alikuwa mwanaume wa makamo, mfupi, mabega mapana, jasho halimkauki. Alimtazama mume wangu kwenye kiti cha magurudumu, akauliza kabla ya kitu kingine chochote, "Mzee, kabila gani?"

"Mnyamwezi," mume wangu akajibu kwa taabu.

Yule bwana akashika kichwa kwa mikono miwili. "Astaghfirullah! Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Yaani nimetoka pwani yote ile nije kuletewa mpagazi mbovu?"

Nikaona bega la mume wangu linatikisika. Nikadhani kifafa. Kumbe anacheka.

Asiyejua, ajue. Utani wetu na Wazaramo ni wa ile njia ya misafara. Babu zetu waliteremka pwani na mizigo kichwani, wakapokelewa huko, wakagombana, wakapatana, wakazikana. Mpaka leo mtani anaingia jikoni kwako anafunua sufuria, na msibani anashuka kaburini analala humo, hatoki mpaka apewe chochote. Huwezi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mjinga.

Basi kuanzia siku hiyo chumba kile kikawa uwanja wa matusi. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wewe unashindwa kubeba tumbo lako mpaka mlangoni?" Mume wangu, ulimi mzito, anamjibu, "Na walipofika waliwakuta nyie mmelala chali, mnangoja nazi idondoke." Watu wa kwenye benchi hoi. Akisema amechoka, mwalimu anamwambia, "Choka, ufe, tukufukie upesi, mimi nina hamu ya ubwabwa." Na yule mzee kwa hasira za utani anaung'ang'ania ule mguu, anauvuta, unaburuzika, unatua. Halafu mwingine. Mkono wa mwalimu ulikuwa kiunoni mwake muda wote huo, tayari kumdaka. Hilo ndilo waliokuwa wakisikiliza kwa masikio tu hawakuliona.

Nyumbani akawa anafanya mazoezi ya kujibu. Nilimsikia peke yake chumbani akirudiarudia tusi moja mpaka linatoka sawasawa, ili kesho amchome nalo Mzaramo wake. Daktari alikuwa ametuambia atamke maneno kila siku, tukampa magazeti ayasome kwa sauti, akakataa. Ila kutukana alijifunza. Na uani, na kile chuma chetu kifupi, alianza kutoka mlangoni mpaka kwenye kona ya jiko. Kisha kona mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kamba ile iko nusu ya njia ya chooni. Siku aliyoishika ile kamba kwa mkono wake mbovu nilipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna mtu kachumbiwa.

Binti yetu akaja likizo katikati ya furaha hiyo. Tukaenda naye kliniki. Alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, na kadiri mazoezi yalivyoendelea nilimwona uso unabadilika.

"Mama, huyu mtu anamwambia baba nini?"

"Ni mtani wake."

"Amemwambia afe."

"Ndiyo. Na baba yako amemwambia atafia chini ya mnazi kama kima. Hukusikia?"

"Utani naujua, mama. Utani ni wa harusini, wa misibani, watu wazima na afya zao. Huyu ni mgonjwa. Baba ana miaka yake, halafu mtu anayelipwa kumhudumia anamwita mzoga mbele za watu! Kazini kwetu neno moja tu la hivyo unafukuzwa palepale."

Nikamwambia anyamaze, hii si kazini kwao. Nikaenda dirisha la dawa, na dirisha la dawa lina foleni yake, na foleni ile ina mambo yake. Niliporudi hakuwa kwenye benchi. Alikuwa ofisini kwa meneja.

Aliniambia jioni tukichambua mchele. Alisema ameongea naye vizuri tu, bila ugomvi, kama mtu anayejua haki ya mteja. Nikamrushia maneno ambayo kama mama hupaswi kumwambia mtoto aliyesafiri kutwa nzima kuja kukuona. Naye akalia, akasema, "Mama, mimi natukanwa kila siku kwa ajili ya mshahara unaomtibu baba. Sitaki na yeye atukanwe." Ungemjibu nini? Nilifunga mdomo, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Nilijiambia meneja atapuuza. Lini mtu alilalamika Tabora akasikilizwa? Mimi nimelalamika maisha yangu yote, sijawahi kusikilizwa hata mara moja. Yeye akasikilizwa siku ile ile.

Alipokwisha kurudi Dar, tukaenda kliniki kama kawaida. Ukutani pamebandikwa karatasi mpya za rangi, wafanyakazi wote wana beji. Nilisikia walifanyiwa semina. Mwalimu wetu akatoka na shati limepigwa pasi, akasimama mbele ya kiti cha mume wangu, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee," akasema. "Karibu sana. Leo unajisikiaje?"

Mume wangu hakuitikia. Alingoja, maana mtani anaweza kuanza na unafiki kisha akakurukia. Niliona kabisa kwamba alikuwa amekuja na tusi lake tayari mdomoni, amelifanyia kazi siku mbili. Lakini yule bwana aliendelea vilevile. "Ukiwa tayari tutainuka taratibu. Ukichoka utaniambia."

Wakainuka. Hatua chache tu, mume wangu akasema amechoka, akimtazama usoni, akimjaribu.

"Hakuna shida, mzee wangu. Tupumzike."

Nikamfuata mwalimu kwenye korido. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameonywa, likitokea tena kazi hana, na yeye ana watoto wanaosoma. Mlango wa meneja ulikuwa wazi nyuma yetu. Akaniambia, "Samahani sana, mama," akaenda kumchukua mgonjwa mwingine.

Tukarudi kwa bajaji. Nilimlaza, nikamfunika miguu, ndipo akaniuliza, "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Amenipa shikamoo." "Wamemwambia."

"Wamemwambia nini?"

"Kwamba mimi sitapona."

Nikacheka, kwa hofu. Yeye hakuwa anatania. Akanisimulia jambo ambalo miaka yote ya ndoa hakuwahi kunisimulia. Baba yake huko Usoke alikuwa mkulima wa tumbaku, na pale stesheni alikuwepo Mzaramo mmoja aliyemtukana kila alipopita na mzigo. Baba yake alipougua, yule Mzaramo akaja nyumbani, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka, akamshika mkono akamwita "baba yangu." Alipoondoka, mgonjwa akawaambia wanawe, mimi nimekwisha, mtani amenionea huruma. Na hata mwezi haukuisha. "Mtani hakuachi mpaka kaburini," mume wangu akasema. "Akikuacha ukiwa hai, ujue ameambiwa kitu."

Nikamweleza ukweli wote. Nikamwambia ni binti yako, amelalamika kwa meneja, ndiyo maana. Akatikisa kichwa. "Usimsingizie mtoto. Mwanangu ni Mnyamwezi, hawezi kushindwa kujua utani." Nikaapa. Akaniambia nisiape uongo kwa ajili yake, hajafikia hatua ya kudanganywa kama mtoto. Niliona anazidi kunihurumia mimi. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyoamini kwamba nimepewa siri na daktari na ninaificha. Daktari mwenyewe akaja akamwambia unaendelea vizuri, mzee, na hilo likawa baya zaidi.

Nikaenda kwa meneja. Ni binti mdogo, mzuri, ana sauti ya upole kama ya yule wa kwenye simu. Nikamwambia sitaki maneno mengi, nataka mume wangu atukanwe.

"Samahani, mama?"

"Atukanwe. Kama mwanzo. Mpe ruhusa yule Mzaramo amwite mpagazi, amwite mzoga, amwambie afe. Mimi mkewe nimekubali. Nitaweka dole gumba popote unapotaka."

Akaniambia anaelewa hisia zangu. Akaniambia utaratibu wa kliniki hauruhusu lugha isiyofaa kwa mteja, na kwamba malalamiko ya familia yetu ndiyo yaliyowasaidia kuboresha huduma. Alitushukuru. Nilipandisha sauti, wallahi nilipandisha, nilisema mpaka watu wa maabara wakatoka. Nikaipiga meza kofi. Naye akasimama na tabasamu lake akasema, "Lalamiko lako limepokelewa, mama. Tutalifanyia kazi." Nimegombana na watu wa kila namna, wenye jeuri na walevi, na wote walinipa mahali pa kushika. Yule binti hakunipa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mazoezi yakaendelea, kama yanaitwa mazoezi. Wanainuka, anasema amechoka, wanapumzika. Anashukuriwa kwa kuja. Nyumbani chuma kikawa kimeegemezwa ukutani, nikawa naanika taulo juu yake.

Jumapili moja mwalimu akaja mwenyewe, bila beji, amevaa msuli na fulana. Aliingia kwa kelele tangu kwenye geti: "Nimesikia Mnyamwezi amekufa, ubwabwa uko wapi?" Nilimfungulia mlango wa chumbani kwa mikono miwili. Alisimama miguuni pa kitanda, akamwaga yote aliyokuwa nayo. Akamwita mpagazi aliyekimbia msafara. Akasema ameleta sanda, fupi, kwa sababu Wanyamwezi hawastahili ndefu. Akafunua shuka miguuni pa mgonjwa, akaupiga ule mguu kofi, akasema inuka mzoga wewe twende chooni nikuone.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akaushika wa yule bwana.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia, taratibu, kila neno likatoka zima. "Umefanya kazi nzuri. Mungu akulipe."

Yule Mzaramo akapiga magoti kando ya kitanda. Akamwambia, "Mzee, haki ya Mungu, nilikatazwa tu kazini." Mume wangu akamwitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu anayejaribu kukufariji. Nilimsindikiza mpaka getini. Pale akaegemea ukuta wa jirani, akafuta uso kwa ncha ya msuli, akaniambia nisimtafute tena, hawezi kuingia mle chumbani mara ya pili.

Kliniki tuliacha baadaye. Mume wangu hakutaka tena kwenda, na mimi sikumlazimisha. Daktari anasema moyo mzima, presha imeshuka, hakuna kinachomuua. Ni miezi mingi sasa, hajafa. Anangoja tu. Ule mguu umekauka, nikiushika unaingia wote kwenye kiganja changu.

Binti yetu hupiga kila Ijumaa baada ya swala. Wiki iliyopita niliamua kumwambia. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, makali, nikatoka na simu uani ili baba yake asisikie. Akaniwahi. Alisema kazini wamempandisha cheo, sasa anawafundisha wenzake, na kwamba katika somo la kwanza aliwasimulia habari ya baba yake, jinsi alivyodhalilishwa na jinsi neno lake moja lilivyobadilisha kliniki nzima. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo.

"Sasa wanamheshimu, mama, eti?"

Nilisimama pale kwenye kamba ya nguo. Mdomo huu, mdomo wangu huu, ukakataa.

"Wanamheshimu sana, mwanangu," nikamwambia.

Akasema alhamdulillahi, nimsalimie baba. Nikamwambia salamu zitafika. Kisha nikaingia ndani kumgeuza ubavu wa pili, maana wa kulia umeshaanza kidonda.